Ramani za zamani zinavyosimulia maji ya nchi ya wafugaji Marekani

Mfugaji akitaka kujua zamani ng'ombe walinyweshwa wapi, huwauliza wazee. Katika nyanda za juu za Marekani, kuanzia Dakota Kusini hadi Texas, wafugaji wana mzee mwingine wa kumuuliza: ramani.

Taasisi ya Jiolojia ya nchi hiyo iliundwa mwaka 1879. Mwaka 1884 mkuu wake, John Wesley Powell, aliliomba Bunge ruhusa ya kuchora ramani ya nchi nzima. Wapimaji walibeba meza ya miguu mitatu na darubini, wakachora papo hapo walichokiona. Majina ya vijito na vilima waliwauliza wenyeji. Picha za ndege zilikuja kurahisisha kazi baadaye.

Kimo cha ardhi huonyeshwa kwa mistari ya kahawia iitwayo kontua. Kila mstari huunganisha mahali penye kimo kimoja. Ikibanana, pana mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare.

Sasa, kwenye nchi iliyo bapa kama sinia, mistari hiyo ina faida gani? Hapo ndipo tunapoipenda zaidi. Mstari uliojifunga, wenye vijino vinavyoelekea ndani, ni alama ya shimo pana lisilo na njia ya kutokea maji. Kaskazini mwa Texas mashimo hayo hugeuka mabwawa mvua ikinyesha, na mifugo hunywa humo. Vistari vya buluu vilivyokatikakatika ni kijito cha msimu. Hata pampu za upepo za kunyweshea ng'ombe zimetiwa alama.

Ndiyo maana ramani hizi hutonesha kidonda. Magharibi mwa Kansas zinaonyesha Mto Arkansas, lakini leo sehemu ndefu ya mto huo ni mchanga mtupu. Maji huchepushwa huko juu kwa umwagiliaji, na visima vya mashamba vimeyashusha maji ya chini ya ardhi.

Zisomwe kwa tahadhari, lakini. Kwenye nyingi za mwanzo, sentimita 1 ilibeba mita 1,250. Za baadaye, mita 240. Kisima kisichoonekana kwenye ramani kuukuu huenda kilikuwepo. Wala hazisemi shamba ni la nani, kwa hiyo ugomvi wa mpaka hauishii hapo.

Zaidi ya ramani 178,000 za zamani zimewekwa kwenye intaneti bure, kwa jina topoView. Mafaili ni mazito, yatakula bando.