Bango la bahari lisiishie kwa papa

Bango la mwanafunzi kuhusu mnyororo wa chakula baharini aghalabu huwa na sura moja: mwani chini, visamaki katikati, papa mwenye meno juu, na pembeni maandishi mekundu yanayosema "Tutunze Bahari". Si bango baya. Ila halimwelezi mtazamaji jambo lolote asilolijua, na lingeweza kuchorwa vivyo hivyo na mtoto wa Norway ambaye hajawahi kuona tumbawe.

Mwanafunzi wa Kenya ana kisa chake, tena kilichochunguzwa kwa miaka mingi katika miamba ya matumbawe baina ya Malindi na Diani. Wahusika wake ni watatu. Wa kwanza ni tumbawe lenyewe, ambalo hujenga mwamba na kuwapa samaki makao. Wa pili ni yule kiumbe wa mviringo mwenye miiba mirefu, anayewachoma nyayo wanaotembea mwambani maji yakipwa. Yeye hula mwani, na katika kuukwangua huparura hata mwamba. Wa tatu ni kikande, samaki mwenye taya ngumu awezaye kumgeuza kiumbe huyo na kumtafuna miiba na yote.

Kikande hanasi kwa shida. Huingia katika malema na hufuata ndoana kwa pupa, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa samaki wanaotoweka mapema palipo na uvuvi mwingi. Akiondoka, viumbe wa miiba huongezeka bila wa kuwapunguza, na mwamba huliwa upesi kuliko unavyojengwa. Wanasayansi Tim McClanahan na Nyawira Muthiga walieleza mabadiliko ya namna hii katika makala yao ya 1988 kuhusu miamba ya Kenya. Katika maeneo yaliyohifadhiwa viumbe hao walikuwa wachache. Palipovuliwa sana walikuwa wamejaa.

Hapo ndipo bango linapopata jambo la kusema. Badala ya mchoro mmoja, mwanafunzi achore miwili ubavu kwa ubavu: mwamba wenye kikande na mwamba usio naye. Mtazamaji atauona uharibifu kwa macho yake kabla hajasoma neno.

Kuna kosa moja linalowapotezea wengi alama. Mshale katika mnyororo wa chakula hutoka kwa anayeliwa kuelekea kwa anayekula, kwa maana unaonyesha nishati inakokwenda. Wanafunzi wengi huugeuza, wakidhani unaonyesha nani anamwinda nani.

Nishati yenyewe yafaa ionekane kwa ukubwa wa michoro. Kwa makadirio yanayotumiwa vitabuni, takriban sehemu 1 kati ya 10 ndiyo hupita kutoka ngazi moja hadi nyingine. Kwa hesabu hiyo, mwani wa kilo 1,000 unaweza kulisha tafi wa kilo 100, nao wakamlisha tengesi wa kilo 10 tu. Anayechora tengesi watano juu ya tafi wawili amekwisha kuharibu somo.

Sehemu ya uhifadhi ndiyo ngumu zaidi, na hasa kwa mtoto wa Pwani ambaye karo yake hutoka baharini. Bango linalosema "Usivue" linamwambia baba yake aache kazi. Wala sheria haisemi hivyo. Katika mbuga za baharini kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, uvuvi hauruhusiwi kabisa. Katika hifadhi zinazopakana nazo, uvuvi wa kienyeji unakubaliwa. Kinachokatazwa kote nchini ni zana haribifu kama vile juya la kukokota, lililopigwa marufuku 2001, kwa kuwa hubomoa matumbawe na kuzoa samaki wachanga. Kichwa kama "Kikande mdogo arudishwe majini" au "Juya huvunja nyumba ya samaki" humpa mvuvi jambo analoweza kulitenda kesho asubuhi.

Mfano wa kutia moyo nao upo. Huko Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wavuvi na wazee wenyewe waliamua mwaka wa 2005 kutenga eneo la takriban hekta 30 ambamo hakuna avuaye. Mnamo 2017 jumuiya yao ilitunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, mwanafunzi asiahidi miujiza: kikande hurejea polepole, na mwamba uliokwanguliwa huchukua miaka mingi kupona.

Kuhusu uchoraji, maelezo machache yatatosha. Karatasi ya manila ipigwe mistari kwa penseli kwanza. Kichwa kisomeke kutoka upande wa pili wa darasa. Rangi tatu zatosha, na nafasi tupu iachwe ili macho yapumzike. Majina ya samaki yaandikwe kwa Kiswahili cha wavuvi, maana hayo ndiyo yanayotumika sokoni.

Kabla ya kupaka rangi, mchoro upelekwe bandarini samaki wanakoteremshwa, akaonyeshwe mvuvi mkongwe. Akiuliza kwa nini kikande amechorwa bila mistari, mwanafunzi afute achore upya.