Fahamu: Faini ya Mpangaji Humwangukia Nani?
Mwenye nyumba wa Florida aliyempangisha mtu, kisha akapokea barua ya jumuiya ya wamiliki kwamba pipa la taka limesahauliwa kando ya barabara, asidhani amesalimika kwa kuwa kosa si lake. Maana sheria ya jimbo yaruhusu faini, kwa kawaida isiyozidi dola 100 kwa kosa, imwangukie yeye au mpangaji wake. Walakini faini haisihi pasipo ilani ya siku 14 na kusikizwa shauri mbele ya kamati ya watu wasiopungua watatu, wasio wakurugenzi wala jamaa zao.

Tena, tangu Julai 2024, pipa halitozwi faini saa 24 kabla au baada ya kuzolewa taka. Nafuu iliyochelewa mno, kwa rai yangu. Mpangaji na akabidhiwe nakala ya kanuni pamoja na ufunguo, na mkataba utaje bayana nani atalipa.