Kituo cha Wimbo na Sikio la Mburundi

Yeyote aliyepata kusikia katika makanisa ya Bujumbura, tangu Regina Mundi hadi vigango vya mitaani, kwaya ikiufunga wimbo kwa "Amina" ya taratibu, ambayo besi yake hushuka kutoka fa hadi do, amekwisha kuifahamu kadensi ya plagali ijapokuwa jina lake hajapata kulisikia. Na kwa itikadi yangu elimu ya muziki yastahili kufundishwa kwa tartibu hiyo, sikio litangulie na istilahi ifuate.

Kadensi ni kituo cha fungu la wimbo, na aitakaye kuitambua aisikilize besi. Ikitoka so ikaangukia do, hiyo ni kadensi kamili, isiyomwachia msikilizaji shaka kwamba kauli imetimia. Ikisita juu ya so yenyewe, ni nusu kadensi, na nafsi hubaki ikingoja jawabu. Iliyo latifu kuliko zote, kwa dhana yangu, ni kadensi ya hadaa: besi imefika so, waimbaji na wasikilizaji wote wamejiweka tayari kuipokea do, mara yapanda la, na huzuni isiyotarajiwa ikaingia pale palipongojewa raha.

Maumbo makubwa hujengwa kwa vituo hivyo. Katika rondo fungu la kwanza hurejea kila baada ya fungu geni. Katika sonata, waliyoistawisha Haydn na Mozart katika karne ya 18, maudhui mawili hutolewa katika funguo mbalimbali, yakachambuliwa, kisha yote mawili yakarejeshwa katika ufunguo wa asili.

Lakini Burundi ina maumbo yake, nayo hayahitaji idhini ya Vienna, mji wa akina Haydn na Mozart. Katika akazehe wanawake wawili huamkiana kwa kuimba, sauti zao zikipishana na kufumana kwa ustadi. Na katika ngoma za kifalme, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi mwaka 2014, ngoma ziitwazo amashakwe hushika mdundo usiokatika, na ziitwazo ibishikizo hufuata amri ya inkiranya, ngoma ya katikati. Hapo hakuna so wala do, na kituo hutawaliwa na mdundo. Hata Kanisa lenyewe, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikani, liliagiza mwaka 1963 kwamba muziki wa wenyeji upewe heshima yake katika ibada. Basi nawasihi walimu wetu wa kwaya, watakapoandika mafunzo ya kadensi, waiweke inkiranya katika ukurasa mmoja na Mozart.