USITUPE MACHICHA YA SOYA

Mama, ukiisha kukamua maziwa ya soya kwa kitambaa, unafanya nini na machicha yanayobaki? Wengi watajibu: "Ninampa nguruwe." Wengine wanayatupa nyuma ya jiko, na kuku wanayamaliza. Nguruwe ananona. Lakini pengine katika nyumba ile ile yuko mtoto mwenye miguu iliyovimba na nywele zilizogeuka kuwa nyekundu, ugonjwa ambao watu wa Kivu wanauita bwaki. Nguruwe amepewa chakula cha kujenga mwili, na mtoto amepewa bukari peke yake!

Tuangalie basi machicha haya ni kitu gani. Unaposaga soya na kuikamua, maziwa hayachukui kila kitu. Ukiyakausha machicha kabisa na kuyagawanya mara 4, karibu sehemu 1 ni protini, yaani chakula kile kinachojenga nyama na damu. Mafuta yamo pia, kidogo. Karibu nusu ni nyuzi. Nyuzi hazijengi mwili, lakini zinasaidia choo kwenda vizuri. Tena si machicha kidogo: soya kavu ya kilo 1 inaacha machicha mabichi yapata kilo 1, ingawa sehemu kubwa ya uzito huo ni maji.

Watu wa China na Japani wanakula machicha ya soya tangu zamani sana, wala hawaoni haya. Hata hapa Afrika jambo hili si geni. Wanawake wa Nigeria, wa Benin na wa Ghana wanakamua mafuta ya karanga, kisha wanakanda mabaki makavu, wanayaviringa kama vidole au kama pete, na kuyakaanga katika mafuta yale yale. Wanayaita kuli-kuli. Watoto wanayatafuna njiani, na mama anapata faida mara mbili: mafuta anauza, na mabaki anauza.

Wewe ufanye hivi. Twaa vikombe 2 vya machicha yaliyokamuliwa sana. Yakiwa na maji mengi mikate itavunjika katika mafuta. Tia kikombe 1 cha unga wa ngano, au wa muhogo kama ngano ni ghali. Tia kitunguu kilichokatwa vidogo, chumvi kidogo, na yai 1 kama liko. Kama haliko, usihangaike. Kanda, fanya vimikate vidogo na vyembamba, kaanga katika mafuta ya mawese au mafuta mengine. Mafuta yasitoe moshi, kwani nje itaungua na ndani itabaki mbichi. Vunja mkate mmoja uangalie: ndani usiwe kama uji.

Kama mafuta hayako, tandaza machicha katika sufuria juu ya moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka yawe makavu kama mchanga na harufu yake ifanane na karanga zilizokaangwa. Kazi hii inachosha mkono, hatutakuficha. Kisha changanya na karanga zilizotwangwa na sukari kidogo. Mtoto wa shule anaweza kuyachukua katika karatasi, badala ya kununua biskuti.

Sasa sikiliza vizuri, kwani hapa ndipo watu wanapokosa.

Soya mbichi ina kitu ndani yake kinachozuia tumbo kusaga protini. Moto unakivunja. Mama wengine wanachemsha soya iliyosagwa kwanza, halafu wanakamua. Machicha yao yamekwisha kuiva. Wengine wanakamua kwanza na kuchemsha maziwa tu. Machicha ya hawa ni mabichi bado. Lazima yapikwe mpaka yaive kabisa, la sivyo mtoto ataumwa na tumbo na kuhara.

Jambo la pili ni wakati. Machicha yana maji na protini na joto la jiko: vidudu vinapenda sana mahali kama hapo. Ukikamua asubuhi, kaanga asubuhi ile ile. Yakilala mpaka kesho, yakiwa na utelezi au harufu ya uchachu, usiyapike. Hayo ni takataka sasa, hata kama jana yalikuwa chakula.

Mama mmoja atauliza: "Lakini moto si unaua vidudu?" Ndiyo, vidudu vinakufa. Lakini sumu ambayo vidudu vimekwisha kuacha, mara nyingine moto hauiwezi. Katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia, watu maskini walifanya chakula cha kuchachusha kutoka machicha ya nazi. Mara nyingi kilikuwa kizuri. Lakini mara nyingine kidudu fulani kiliingia na kutia sumu isiyo na harufu wala ladha, na kupika hakukuiondoa. Mamia ya watu walikufa, mpaka serikali yao ikakataza chakula hicho mwaka 1988. Sumu hiyo hiyo ilionekana Msumbiji mwezi wa Januari 2015: watu 75 walikufa kwa kunywa pombe ya kienyeji iliyotengenezwa kwa unga wa mahindi ulioharibika.

Na kuvu pia. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na watu hawakujua sababu. Walipotafuta waliona kwamba ndege hao walilishwa mabaki ya karanga yaliyoingiwa na kuvu. Sumu ya kuvu hiyo inaharibu ini, hata la mtu, na mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata kansa ya ini. Kwa hiyo karanga yenye kuvu au iliyokunjamana, usiseme, "Nitaitwanga, haitaonekana." Uitoe kabla ya kutwanga. Wala usimpe kuku wako.

Tena mtu asisome habari hii na kufikiri kwamba kila kitu kinachotupwa kinaweza kuliwa. Maganda ya muhogo mchungu yana sumu kali. Katika nchi yetu ya Kongo watu wa Kwango wanajua ugonjwa wa konzo, ambao miguu inakakamaa ghafula na haiponi tena. Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, na protini yao ni kidogo. Maganda hayo yapeleke katika shimo la mbolea.

Nani ale mikate ya machicha? Mtoto wa shule, baba anayetoka shambani, mama mwenye mimba: wote wale. Mtoto mchanga asipewe. Mpaka atimize miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha, bila kuongeza kitu. Mtoto aliyeanza kula naye asijazwe machicha, kwani nyuzi zinashibisha tumbo dogo upesi, na hapati nafasi ya chakula chenye nguvu. Yeye mpe uji wenye karanga zilizosagwa vizuri, maharagwe yaliyopondwa, yai, au samaki bila miiba.

Na yule mwenye miguu iliyovimba? Bonyeza mguu wake kwa kidole, kisha uondoe kidole. Kishimo kikibaki, usianze kumponya nyumbani kwa mikate, hata kwa maziwa ya soya. Mwili wake ni dhaifu, na chakula kingi cha ghafula kinaweza kumdhuru. Mfunike asipate baridi, umlete hospitali leo. Mikate ufungie ndugu zake, wale njiani.