Paa refu si dawa ya moshi

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Kwa hiyo leo nayasema ya jikoni kwangu hadharani, ili wenzangu mnaojenga msije mkayarudia.

Wanaovuka Rusumo wakitoka Tanzania kuja Rwanda wanajua njaa inauma wapi. Karatasi zimegongwa mihuri, daraja la Kagera limebaki nyuma, na Kigali bado ni mbali. Mimi nilikulia Ngara, tukarudi nyumbani na wazazi mwaka 1995, na wasafiri hao nawafahamu vizuri. Mwaka 2018 nikawajengea mgahawa si mbali na mpaka.

Wafanyabiashara wa mpakani wana jambo lao moja: wanapenda kukiona chakula kikipikwa. Basi jiko nikaliweka katikati ya ukumbi. Nilijenga meza ya matofali yenye vigae, juu yake jiko la gesi la pleti nne lenye upana wa sentimita 90, na kando jiko la makaa la maharage na nyama. Dari sikuweka. Paa nililiinua hadi karibu mita tano, kenchi zikaachwa wazi zionekane. Kila aliyeingia alisifu.

Nilimuuliza fundi kuhusu moshi. Akaangalia juu, akacheka. "Mzee, kwa urefu huu moshi utajiendea wenyewe. Usipoteze pesa yako." Nilimwamini haraka, kwa sababu jibu lake lilikuwa la bei nafuu.

Mwezi wa kwanza haukuisha kabla ya kuanza kuona matone meusi kwenye meza za wateja. Dereva mmoja alisogeza sahani yake mara mbili, mara ya tatu akalipa na kuondoka. Kisha mpishi wetu, dada mchapakazi, akaniambia, "Baba, kila jioni kichwa kinanigonga." Nikamjibu ni uchovu, anywe maji.

Siku moja ya mvua kubwa tulifunga milango na madirisha, makaa yakiwaka ndani. Saa nane mchana yule dada alianguka kando ya meza yake ya vigae. Tulimbeba nje kwenye hewa, tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi aliuliza maswali mawili tu: mlikuwa mnapikia nini, na je, madirisha yalikuwa wazi? Nikainamisha kichwa. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini lile jibu langu la "ni uchovu" bado linanisumbua.

Tangu hapo nimejifunza kwa mafundi wa majiko na kwa kusoma. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba urefu wa paa unatoa moshi nje. Hautoi. Moshi na mvuke hupanda kwa sababu ni vya moto. Vikiwa njiani huchanganyika na hewa ya chumba, vinatanuka na kupoa. Vikifika mita tano juu havina nguvu tena. Vinaning'inia chini ya bati, vinageuka matone yenye masizi, na vingine vinarudi chini kwa watu. Tundu lililo juu ya paa husaidia kutoa joto, ila haliudaki moshi pale unapozaliwa.

Kosa la pili lilikuwa makaa. Makaa mekundu hayaonyeshi moshi, lakini hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ndizo tunazoziita uchovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majikoni na majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Basi mwenye jiko la katikati afanye nini? Njia ziko kadhaa. Ya kwanza ni kofia ya moshi inayoning'inia juu ya jiko, yenye feni na bomba linalotoka nje ya paa. Iwe kama sentimita 75 juu ya jiko, na iwe pana kuliko jiko kwa sentimita 10 hivi kila upande, kwa kuwa katikati hakuna ukuta wa kuuongoza moshi. Kanuni inayotumika Marekani inataka feni ya jiko la ukutani ivute futi za ujazo 100 za hewa kwa dakika kwa kila futi ya upana wa jiko, na la katikati 150. Kwa jiko kama langu la futi tatu, hiyo ni 450. Bomba liwe laini ndani, lenye kona chache, na lifungwe imara kwenye kenchi maana ni refu.

Ya pili ni feni inayovuta moshi kwa chini, kandokando ya jiko. Inapendeza macho, lakini kwa sufuria ndefu za maharage moshi unaipita. Ya tatu ni kofia isiyo na bomba, inayochuja hewa na kuirudisha ndani. Hiyo hupunguza mafuta na harufu, ila mvuke na ile gesi ya makaa vinabaki humo humo. Wenzangu mnaonunua mizigo mpakani, ulizeni kwanza bomba lake linatokea wapi.

Mimi nilichagua ya kwanza, nikakosea tena. Nilifunga feni, lakini milango nikaiacha imefungwa kwa sababu ya vumbi la malori. Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Ikaanza kuuvuta moshi wa makaa ndani badala ya kuutoa. Ilibidi nitoboe matundu ya chini ukutani, mbali kidogo na jiko ili upepo usiupeperushe moshi nje ya kofia. Matundu hayo ya chini yana faida nyingine: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni, na paa refu haliisaidii kutoka.

Jiko la makaa nililitoa nje kabisa, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Kwa mwenye fedha kidogo nasema wazi: kuhamishia jiko ukutani, penye dohani fupi na dirisha, ni nafuu kuliko kofia yoyote ya katikati. Uzuri wa nyumba usilipwe kwa mapafu ya mpishi.

Umeme ukikatika, feni husimama. Siku hizo tuna sheria moja: milango yote wazi, vumbi liingie likitaka. Aliyeiweka ni yule dada. Nikijisahau, ananiita kutoka kwenye meza yake: "Baba, mlango." Nami nainuka na kwenda kuufungua.