Vyandarua Vimegawiwa. Watoto Je?

Kampeni ya vyandarua ikiisha, taarifa inayopelekwa wilayani huanza na idadi: vimegawiwa vingapi, katika kata ngapi. Mimi niliyefanya kazi ya udadisi wa kaya katika bonde la Kilombero, idadi hiyo hainitoshi. Inanieleza mzigo ulioshushwa kwenye lori. Hainielezi kama kuna mtoto aliyepona.

Ukibisha hodi na dodoso lako, mama mwenye nyumba anakukaribisha kigoda. Unamwuliza kama ana chandarua. "Kipo, mwanangu." Ukiomba kukiona, anakutolea kutoka chini ya godoro, kingali kwenye mfuko wake. Anawawekea wageni. Mdadisi mwenye haraka ameshaandika "ndiyo" na kuondoka. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: usiku wa kuamkia leo, mtoto huyu alilala ndani ya chandarua? Wataalamu huita kazi hiyo tathmini ya mchakato, yaani kufuata huduma hatua kwa hatua tangu bohari hadi kitandani.

Kujua kama chandarua kinaokoa maisha ni kazi nyingine kabisa. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliligawa eneo zima kwa bahati nasibu mwaka 1993: nusu ya sehemu zake zikapata vyandarua vyenye dawa, nusu zikabaki kama zilivyokuwa. Kura ndiyo iliyoamua, si mwenyekiti wa kijiji wala utajiri wa mtu, hivyo tofauti iliyojitokeza baadaye isingeweza kusingiziwa jambo jingine kwa urahisi. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, ukiwaacha wachanga wa mwezi wa kwanza, vilipungua kwa asilimia 33.

Kwetu Kilombero na Ulanga kura haikuwezekana. Kuanzia 1997 vyandarua viliuzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu, na yeyote mwenye fedha alinunua. Hapo ndipo penye mtego: anayemudu chandarua huenda pia anamudu nauli ya zahanati na chakula bora, na mwanawe angepona hata bila chandarua. Ndiyo maana wadadisi walipita kila kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama, na kazi hiyo ilianza 1996, kabla ya mauzo. Takwimu hizo za awali ni dhahabu. Mradi unaokumbuka tathmini ukiwa umefika mwishoni hauna pa kulinganishia, na hakuna fedha itakayoirudisha jana. Baada ya hesabu kuzingatia tofauti kati ya familia, ilionekana kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27.

Likabaki suala la bei. Wengi waliamini kwamba cha bure hakithaminiwi. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilipima katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, kila kliniki na bei yake. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure. Imani iliyotawala sera kwa miaka ilivunjwa na jaribio moja lililopangwa vizuri.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu peke yake haitakuonyesha mpaka ukae na watu mzungumze. Msimu wa mpunga, familia nyingi za bondeni huhamia mashambani kwa miezi kadhaa na kulala kwenye vibanda, karibu kabisa na maji na mbu. Chandarua kinaweza kuwa kimetundikwa vizuri kijijini, kikahesabiwa, na watoto wakawa hawapo. Dodoso lolote la malaria huku linapaswa kuuliza: msimu wa kilimo mnalala wapi, na chandarua mnakwenda nacho?