Waya wa kinga uligeuka uzi wa violoni

Mwaka 1994 kule Kinshasa, Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha orkesta ya Wakimbangu. Violoni zilikuwa chache kuliko watu, basi walipokezana. Uzi ukikatika, waliweka waya wa freni ya kinga. Walifika hata kupiga Beethoven. Filimu ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, inaonyesha mama mpiga selo: mchana anauza mayai ya kukaanga sokoni, jioni yuko kwenye mazoezi.

Hapa Kirotshe binti zetu wanaimba kwaya, lakini gitaa tunawaachia wavulana. Tunasema vyombo ni vichache. Kinshasa pia vilikuwa vichache, ila kila mtu alipata zamu. Jumamosi hii, binti akiomba yake, tusimnyime.